Stelingi alikuwa maiti: Mbona mashabiki wa Dark Shadows wamekataa kumzika Barnabas?

Hebu tuanze na sanduku. Mwaka wa 2012 kampuni moja ya Marekani ilitoa tamthilia nzima ya runinga ndani ya sanduku lililoundwa kama jeneza. Si mzaha, jeneza kabisa, na ndani yake diski 131. Piga hesabu pamoja nami. Tamthilia yenyewe ina sehemu 1,225. Ukijifungia kwa nyumba na kutazama sehemu tano kila siku, bila kuruka Jumapili wala Krismasi, utamaliza baada ya miezi minane hivi. Na wewe juzi ulikuwa unalia eti msimu wa tano wa ile yako umekuwa mrefu!

Watu walinunua hilo jeneza. Tena wengi hawakuwa wakiitazama hadithi hiyo kwa mara ya kwanza, wala ya pili.

Tamthilia inaitwa Dark Shadows. Kama hujawahi kuisikia sikulaumu, maana ilikwisha kabla hata wazazi wa wengi wetu hawajaanza shule. Kama umeisikia, pengine ni kwa sababu ya ile filamu ya Johnny Depp akiwa amepakwa uso mweupe kama unga. Tutafika huko, na mashabiki wana maneno yao kuhusu filamu hiyo. Kwanza nataka ujue ni kitu gani kinachoweza kumfanya mtu mzima, mwenye wajukuu na dawa za presha, apande ndege kwenda kukaa hotelini siku tatu na watu wengine waliovaa majoho meusi.

Ilianza tarehe 27 Juni 1966 kwenye kituo cha ABC. Ilipeperushwa Jumatatu hadi Ijumaa, nusu saa alasiri, wakati ambao runinga ya Marekani ilikuwa imeachiwa akina mama wa nyumbani na matangazo ya sabuni. Mwanzilishi wake, Dan Curtis, alisema wazo lilimjia ndotoni: msichana ameketi ndani ya treni, usiku, anaelekea mahali asipopajua. Msichana huyo akaja kuwa Victoria Winters, anayekwenda kufundisha mtoto katika jumba kubwa la familia ya Collins, kwenye mji wa kubuni wa Collinsport, jimbo la Maine. Mwenye nyumba aliigizwa na Joan Bennett, ambaye alikuwa nyota mkubwa wa Hollywood miaka ya arobaini.

Nitakuambia ukweli: miezi ya kwanza inachosha. Kuna kalamu moja ya wino iliyopotea ambayo inatafutwa, inapatikana, inafichwa, inazikwa na kutafutwa tena wiki baada ya wiki hadi unatamani uwape hao watu kalamu yako. Watazamaji nao walichoka. Kituo kikawa kinanoa kisu. Curtis akaona heri afe akipigana, akaanza kuingiza mizuka. Kisha akaleta mwanamke anayekufa kwa moto na kuzaliwa upya kwa moto. Namba zikapanda kidogo. Basi akasema, hebu tuone tunaweza kufika wapi kabla hawajatufukuza, tulete mnyonya-damu.

Aprili 1967, mwisho wa sehemu ya 210. Jamaa mmoja mhuni, Willie Loomis, amesikia kwamba ukoo wa Collins ulizikwa na vito vyake. Anaingia kaburini usiku. Anakuta jeneza limefungwa kwa minyororo, na kwa akili zake anaona kwamba kinachofungwa kwa minyororo lazima kiwe mali. Anakata minyororo. Anainua kifuniko. Mkono unatoka na kumkaba koo.

Kesho yake kuna mgeni mlangoni kwenye jumba la Collins. Ana adabu, joho, pete nyeusi kidoleni, na bakora yenye kichwa cha mbwa mwitu cha fedha. Anasema yeye ni binamu yao kutoka Uingereza, anaitwa Barnabas.

Tukiwa watoto kwenye vibanda vya video tuliambiwa kwamba stelingi hafi. Huyu stelingi alikuwa ameshakufa karibu miaka mia mbili.

Ngoja niseme kitu kidogo kando. Kwetu hatukuhitaji Marekani itufundishe kuogopa watu wanaokunywa damu. Muulize nyanya yako kuhusu mumiani. Enzi za mkoloni, Nairobi na pwani yote ilijaa uvumi kwamba kuna watu wanaokamata wapita njia usiku na kuwatoa damu, na wazimamoto na magari yao mekundu ndio walioshukiwa sana. Lakini mumiani hana jina, hana mama, hana mchumba aliyempoteza. Hakuna aliyewahi kumhurumia mumiani. Barnabas Collins alifanya kitu ambacho runinga haikuwa imekizoea: alimfanya mtazamaji amwonee huruma anayeuma watu shingo.

Aliyemwigiza alikuwa Jonathan Frid, mwigizaji wa jukwaani kutoka Hamilton, Canada, aliyezoea kazi za Shakespeare, mwenye umri wa miaka 42. Mpango wake ulikuwa kuhamia magharibi mwa Marekani akafundishe uigizaji. Hii kazi aliichukua kwa sababu ilikuwa ya wiki chache tu, apate nauli. Mhusika wake alipangiwa kuleta vitisho kidogo, apigwe mti wa moyo, aende zake. Lakini barua zikaanza kuingia. Zikaingia kwa maelfu. Ghafla hakuna aliyethubutu kumwua Barnabas, na Frid hakuhama tena.

Kwa nini yeye? Hapa ndipo pana utamu. Mwisho wa 1967 hadithi ilirudi nyuma hadi mwaka wa 1795, waigizaji wale wale wakawa mababu wa wahusika wao, na tukaonyeshwa Barnabas kabla ya laana. Alikuwa kijana wa tajiri, mpole, mwenye mchumba aitwaye Josette. Kosa lake ni kwamba kabla ya uchumba alilala na Angelique, mtumishi wa Josette kutoka Martinique, kisha akajifanya hakuna kilichotokea. Angelique alikuwa mchawi. (Vijana wa kiume, someni sentensi hiyo tena polepole.) Akamlaani: atalala mchana, ataamka usiku, na kila atakayempenda atakufa. Josette akaruka kutoka kwenye jabali hadi baharini. Barnabas akamwomba babake amwue, na mzee, mtu mgumu ambaye hakuwahi kumwambia mwanawe neno tamu, akashindwa kumpiga risasi. Badala yake akalifunga jeneza kwa minyororo.

Sasa ile minyororo aliyoikata Willie ina maana nyingine kabisa, sivyo? Mtazamaji alikuwa ametazama karibu mwaka mzima akidhani iliwekwa kwa chuki.

Fikiria nani alikuwa akitazama. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, baadaye saa kumi, na watoto wametoka shuleni. Ukikutana leo na shabiki yeyote wa umri ule, sentensi ya kwanza karibu huwa ni moja: nilikuwa nakimbia kutoka shule ili niiwahi. Hakukuwa na kurekodi, hakukuwa na kurudia usiku. Ukikosa basi la shule umekosa. Nje ya dirisha kulikuwa na vita vya Vietnam, viongozi wakipigwa risasi, wazazi wakifarakana kimyakimya jikoni. Ndani kulikuwa na jamaa mwenye siri ambayo hawezi kumwambia mtu, anayetaka kupendwa na anajua kwamba mapenzi yake huumiza. Mtoto mpweke hahitaji kufafanuliwa hadithi kama hiyo. Kijana anayeficha kitu nyumbani kwao pia hahitaji.

Na biashara ikafuata, maana Marekani ni Marekani. Riwaya 32 zilizotoka kwa jina la Marilyn Ross, ambaye kwa kweli alikuwa mwanamume kutoka Canada. Vitabu vya katuni. Mchezo wa mezani uliokuja na meno ya plastiki ya mnyonya-damu. Mwaka wa 1969 muziki wa mhusika mwingine, Quentin, yule anayegeuka mbwa mwitu mwezi ukiwa mpevu, ukaingia kwenye chati za Billboard. Huo ni muziki wa tamthilia ya mchana, msee, ukishindana na nyimbo za mwaka wa Woodstock.

Usije ukadhani kazi yenyewe ilikuwa safi. Hapana! Walirekodi sehemu moja kila siku katika studio ndogo New York, kana kwamba ni matangazo ya moja kwa moja, kwa sababu kukata na kuunganisha kanda za video kulikuwa ghali. Ukikosea, kosa limeenda hewani. Kwa hiyo utaona kivuli cha maikrofoni kikipita ukutani. Utaona fundi wa jukwaa akikatiza nyuma ya mwigizaji akashtuka na kurudi. Makaburi yanatikisika mtu akiyagusa. Popo ananing'inia kwenye uzi ambao hata bibi asiye na miwani angeuona. Nzi anamtua mwigizaji usoni katikati ya kilio, na mwigizaji anaendelea kulia.

Frid mwenyewe alisumbuliwa sana na kukariri. Kila siku kurasa mpya, kila siku maneno ya kishairi. Ukimtazama vizuri utamwona macho yakienda pembeni, anatafuta maneno kwenye mashine ya kusomea. Halafu kitu cha ajabu hutokea: ule wasiwasi wa mwigizaji unageuka kuwa wasiwasi wa Barnabas. Anasita, anatazama mbali, anamalizia sentensi kama mtu anayechagua kwa makini kile anachoweza kukufichulia. Mashabiki hulijua hili vizuri na huwa hawaoni haya kulisema. Makosa hayo yalikusanywa yakauzwa kwenye kanda yake peke yake, na wanaoicheka zaidi ndio wanaoipenda zaidi. Mimi naamini ndiyo siri ya nusu ya mapenzi yao. Ni vigumu kumwabudu mtu asiyekosea. Lakini kundi la watu wanaojaribu kusimulia hadithi ya mapenzi na mauti katika chumba kidogo, bila pesa, saa ikiwakimbiza, na nzi juu yake? Hao unawashangilia.

Tarehe 2 Aprili 1971 ilikwisha. Watazamaji walikuwa wamepungua, na waandishi walikuwa wamechoka baada ya kupora kila hadithi ya kutisha iliyopo maktabani. Barua za kupinga ziliandikwa, hazikusaidia kitu. Na jinsi ilivyokwisha ndiyo inayoeleza yote yaliyofuata. Barnabas alitoweka kwenye skrini mwezi Januari. Wiki za mwisho zilihusu watu wengine, katika ulimwengu mwingine, na Frid alikuwa akiigiza mtu mwingine. Siku ya mwisho sauti ya msimulizi ilieleza kwa haraka nani alioana na nani, na basi. Je, Barnabas aliponywa? Je, Dkt Julia Hoffman, aliyempenda miaka yote hiyo na kumdunga sindano za kumponya huku akijua kwamba moyo wa yule mtu uko kwa marehemu, aliwahi kumwambia? Hakuna jibu. Wamekatiwa simu katikati ya mazungumzo.

Basi mashabiki wakajaza wenyewe. Katika miaka ya sabini walichapa majarida yao kwa mashine za taipu, wakayatuma kwa posta, kila mmoja na mwisho wake. Wewe unayeandika hadithi za wahusika uwapendao usiku ukiwa na simu chini ya blanketi, jua kwamba umetanguliwa na watu waliolipia stempu. Kuanzia 1983 kukawa na tamasha rasmi, Dark Shadows Festival, lililokutanisha mashabiki na waigizaji, wengine wakiwa na bakora na pete nyeusi. Vituo vya umma vya runinga vilipoanza kurudia tamthilia miaka ya themanini, vituo ambavyo hutegemea michango ya watazamaji, mashabiki walijua la kufanya wakati simu za kuchangia zilipofunguliwa.

Waigizaji nao walirudi nyumbani, wengine baada ya kukimbia. Frid alitumia miaka mingi akitaka kujulikana kwa kazi nyingine, akazunguka na maonyesho yake ya kusoma hadithi jukwaani, lakini mwaka wa 2010 alikubali kurekodi sauti ya Barnabas tena kwa mchezo wa kusikiliza. Miaka 39 ilikuwa imepita. Lara Parker, yule Angelique, aliandika riwaya kumhusu mchawi wake na kumpa upande wake wa hadithi. Kathryn Leigh Scott, aliyekuwa Josette, alianzisha kampuni ya uchapishaji na kutoa vitabu vya kumbukumbu za tamthilia.

Kufufua kwenyewe hakukuwa na bahati. Mwaka wa 1991 NBC ilileta toleo jipya lenye pesa na mandhari ya kifahari. Lilianza tarehe 13 Januari, na siku chache baadaye Vita vya Ghuba vikaanza, habari zikameza ratiba, kipindi kikahamishwa huku na huku hadi kikafa baada ya sehemu 12. Kisha 2012 ikaja filamu ya Tim Burton. Burton, Depp na Michelle Pfeiffer wote walikuwa watoto waliokimbia kutoka shule, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema haikutengenezwa na wenyewe. Lakini waliifanya vichekesho. Mashabiki wengi wa zamani walitoka sinemani kama watu waliomwona mtu baki akivaa koti la marehemu baba yao karamuni. Nawaelewa. Ile ya kwanza ilichekesha bila kukusudia, na hiyo ni tofauti kubwa kuliko inavyosikika.

Hata hivyo kuna dakika moja kwenye filamu hiyo ambayo wote huinyamazia. Wageni wanafika kwenye sherehe, mlango unafunguliwa, na waliosimama pale ni Frid, Lara Parker, David Selby na Kathryn Leigh Scott, wazee sasa. Barnabas mpya anawapokea. Inapita upesi. Frid alifariki Aprili 2012, wiki chache kabla filamu haijatoka, akiwa na miaka 87.

Tangu hapo wameendelea kuondoka. John Karlen, yule Willie aliyekata minyororo, alikufa 2020. Lara Parker alifuata 2023. Na watoto waliokimbia kutoka shule sasa wana miaka sitini, sabini. Swali linaloning'inia juu ya kila mkutano wao silo la Barnabas kuponywa. Ni nani atakayeshika hizi kanda.

Maana kanda zenyewe zilikuwa karibu zisiwepo. Zama zile vituo vilifuta tamthilia za mchana ili kanda zitumike tena, kwa sababu kanda ilikuwa na thamani kuliko hadithi iliyo ndani yake. Tamthilia nyingi za wakati ule zimekwenda na maji. Dark Shadows ilinusurika karibu yote. (Nasi je? Muulize mama kuhusu Tausi, kisha mwambie akuonyeshe, uone mtapata sehemu ngapi.) Kati ya sehemu zote 1,225 ni moja tu ambayo picha yake imepotea, nayo ni ile yenye nambari 1219. Lakini sauti yake ipo. Ipo kwa sababu mwaka wa 1971 kuna mtu aliyekuwa nyumbani kwake, asiye na mashine ya kurekodi video kwa sababu watu wa kawaida hawakuwa nayo, akaweka rekoda ya sauti karibu na runinga na kubonyeza kitufe. Hakuwa mhifadhi wa kumbukumbu. Alitaka tu kuweza kusikiliza tena. Miaka mingi baadaye sauti hiyo iliunganishwa na picha za mnato, na ndiyo sehemu ya 1219 iliyo ndani ya lile jeneza la diski 131.

Kama nimekushawishi, usianze mwanzo. Utakutana na ile kalamu na utanitukana. Anza na sehemu ya 210. Ni nyeusi na nyeupe, maana rangi ilikuja miezi minne baadaye, na kwa dakika ishirini hivi utajiuliza kwa nini nimekupotezea muda. Vumilia, mwache Willie akate minyororo yake. Na ukiona kivuli cha maikrofoni ukutani, usiguse simu, endelea kutazama.